Laini ya Okidi

Zablon alininyoshea ncha ya kamba ya katani, akasema, "Shika hapa, nenda nayo mpaka kwenye kijito, na usiipinde," nami nikashika. Ningeweza kukataa. Hakunitisha siku hiyo, hakuninywesha pombe, wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nina cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha, na nilijua vizuri kamba iliyonyoshwa chini kati ya maboma mawili ina maana gani. Huku kwetu hakuna mtu anayepanda kitu cha kudumu kwa mstari ulionyooka bila sababu. Mkonge ukipandwa mstari ni mpaka. Mnyaa ukipandwa mstari ni mpaka, hata mpandaji aape kwamba anataka kuni tu. Sisi tulipanda maua. Nilijiambia kwamba maua ni maua, nikaivuta kamba mpaka ikalia kama waya, nikapigilia kigingi changu kwenye tope.

Nisingeandika haya kama si benchi moja pale Homa Bay. Mwezi uliopita nilitoka Uriri kwenda kuonyesha macho hospitalini, kwa sababu jicho la kushoto limeanza kuniletea ukungu. Tulikuwa wengi kwenye foleni, tumebanana kwenye benchi, kila mtu na karatasi yake mkononi. Mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi akasema, bila kupaza sauti, "Ja-Uriri." Maana yake ni mtu wa Uriri. Mimi nimeishi Uriri karibu maisha yangu yote na hakuna anayeniita hivyo, kwa sababu huko kila mtu ni ja-Uriri. Ni watu wa Magunga walioniita hivyo, tena kwa mwaka mmoja tu. Niligeuka taratibu. Nywele zake zilikuwa nyeupe chini ya kitambaa na meno mawili ya mbele hayakuwepo, lakini vidole vilikuwa vilevile, virefu, na alama za mafunjo kwenye viungo. Alikuwa Akinyi, dada yake Dani.

Nilifika Magunga miezi michache baada ya mtihani, nikiwa sina kazi. Mtu aliniambia kuna mzee mmoja karibu na mbuga ya Ruma anatafuta kijana anayejua kusoma, amsaidie na maua. Huyo ndiye Zablon. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika bustani ya hoteli moja Nairobi, na huko alijifunza okidi. Si zile za kushikilia miti, bali okidi ya ardhini, ile inayoota kwenye kinamasi, yenye majani mapana yaliyokunjamana kama sketi ya shule na shina la maua linalompita mtu mrefu. Maua yake ni ya zambarau iliyoiva, na katikati kuna ulimi mweusi kidogo. Kinamasi kilichokuwa chini ya boma lake kilikuwa kimejaa hizo okidi, na watu wa hapo walikuwa wakizikanyaga tangu wazaliwe. Zablon aliporudi nyumbani amestaafu, aliona bustani za hoteli na nyumba za wageni zote za ziwani zikingoja maua yake.

Nililala kwenye stoo pamoja na okidi. Chumba kilikuwa cha udongo, bati juu, dirisha moja dogo lisilo na kioo. Upande mmoja kilikuwa kitanda changu cha kamba, na upande wa pili rafu za mbao zilizotandikwa magunia, juu yake viazi vya okidi vilivyokatwa vikikausha vidonda. Tuliviita viazi ingawa si viazi. Ni vivimbe vya shina, kijani na vigumu, vinavyofuatana ardhini kimoja baada ya kingine. Chumba kilinuka makaa, tope na kitu kitamu kama muwa ulioanza kuchacha. Hadi leo nikisikia harufu ya muwa uliochacha, huondoka pale nilipo.

Zablon alinifundisha kazi kwa mdomo na kwa mkono. Wiki ya kwanza alinikuta nikimwagilia miche iliyokuwa imelala, ile iliyomaliza kutoa maua na kuangusha majani. Nilidhani ina kiu. Alinipiga kofi nikaona nyota, kisha akaongea kwa utulivu kabisa, kama mwalimu aliyefuta ubao. "Okidi haitaki huruma. Ikilala, iache ilale. Ukiinywesha usingizini inaoza kutoka ndani, wewe unaona kijani nje unafurahi. Umesikia, kijana?" Nilimwambia, "Nimesikia, jaduong'," ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima. Na kusema kweli nilijifunza. Nilijua kukata mkufu wa viazi kwa kisu kilichopitishwa motoni, kila kipande kibaki na viazi viwili au vitatu, kwa sababu kiazi kimoja peke yake hakina nguvu ya kuchipua. Nilijua kupaka vumbi la makaa kwenye kidonda, kungoja siku kadhaa, kisha kupanda kiazi nusu ndani na nusu nje, shingo isifunikwe hata kwa kidole cha udongo. Nilichanganya mchanga wa kijito na majani yaliyooza, na juu ya hayo yote karai moja la tope kutoka mahali pale pale okidi ilipong'olewa. Bila tope la kwao hukaa mwaka mmoja, inakuangalia, halafu inakufa. Zablon alisema kuna kitu ndani ya lile tope kinachoilisha, kidogo kuliko macho yanavyoweza kuona.

Alipiga kila kitu, si mimi tu. Alimpiga ng'ombe dume aliyekataa nira mpaka fimbo ikavunjika, akaendelea na kile kipande. Mke wake, Mama Risper, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyenipakulia nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye bakuli la bati na kunisimulia habari za soko la Magunga kana kwamba yeye ndiye aliyelijenga. Siku nyingine alipakua akiwa amefunga leso chini ya kidevu mpaka karibu na macho, na siku hizo hakuwa na habari za soko.

Dani nilikutana naye kinamasini. Boma lao lilikuwa ng'ambo, na kinamasi kilikuwa katikati, hakikuwa cha mtu. Mama yake na Akinyi walikata mafunjo humo na kusuka mikeka. Ng'ombe wao walinywa humo wakati vijito vingine vimekauka. Dani mwenyewe alichoma kamongo, samaki wa matopeni, kwa mkuki wa ncha moja, akitembea maji yakimfika magotini, haongei, kisha ghafla anacheka kwa sauti kabla hata ya kuchoma. Alikuwa rika langu. Mara ya kwanza kuniona nikichimba alisimama akaniangalia, kisha akaniita omera, yaani ndugu.

"Omera, unazika au unafukua?"

"Nachimba maua ya jaduong'."

"Ya jaduong'!" Alimgeukia dada yake. "Akinyi, umesikia? Mungu amestaafu, sasa ni Zablon." Akinyi alicheka, amebeba mzigo wa mafunjo kichwani na hayumbi. "Mwache," alisema. "Ni ja-Uriri. Kwao hawajawahi kuona maji."

Jina likanishika hapo. Kabla mvua za kwanza hazijaisha nilikuwa nakula kwao mara tatu kwa wiki. Jiko la mama yao lilikuwa na mlango mfupi, ukiingia unasalimu kwa kuinama utake usitake. Tulikula sinia moja, mimi na Dani, ugali wa mtama mweusi na kamongo aliyekaushwa moshini kisha akapikwa kwa maziwa yaliyoganda. Dani alikuwa na tabia ya kunisukumia vipande vya tumboni, vyenye mafuta, huku akijifanya haoni. Mama yao alikwishaona macho yangu yanaelekea wapi. Alinitania mbele ya wote: "Kula sasa, ja-Uriri. Kula ushibe kabisa ukiwa bado mgeni. Siku utakayoleta ng'ombe kwa ajili ya mtu hapa, utakuwa mkwe, utakaa kule kwa heshima na mimi sitakuona tena ukitafuna." Akinyi alitoka nje akidai moshi umemwingia machoni. Nilikuwa nimeshamwambia, kule kwenye mafunjo, kwamba nikipata changu nitakuja na wazee. Alinijibu kwamba atasuka mkeka mmoja ambao hatauuza.

Dani ndiye aliyenionyesha miaka. Nilikuwa nikisafisha shina kubwa la okidi, akachutama kando yangu, akafuta tope kwa dole gumba. "Tazama. Hiki kibichi ni cha mwaka huu. Hiki cha mwaka jana. Kila mwaka inazaa kimoja, haizai viwili. Hiki kilichonyauka ni cha mwaka ule ng'ombe wetu walikufa." Alihesabu kurudi nyuma, kiazi kwa kiazi, akitaja kila mwaka kwa tukio lake, mpaka akafika kwenye ganda jeusi tupu. "Hapa baba alikuwa hai." Kisha akarudisha lile shina pale pale lilipotoka, akalikandamiza kwa kiganja.

Nilikwenda nikamwambia Zablon. Sikumwambia kwa ubaya. Tulikuwa mezani, Mama Risper ameweka omena, dagaa wa ziwani, na mboga chungu, nami nilitaka mzee aone kwamba nami najua kitu ambacho yeye hakunifundisha. Nilisema, "Jaduong', ukihesabu viazi unajua okidi ina miaka mingapi hapo ilipo." Aliacha kutafuna. Alikaa na tonge mkononi. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mtu mwingine akihesabu, atapata hivyo hivyo? Hata mgeni? Hata mtu wa serikali?" Nikajibu kwamba yeyote mwenye macho atapata hivyo hivyo. Mama Risper aliniangalia, akaangalia sahani yake.

Usiku ule ule, baada ya chakula, niliwasikia kupitia ukuta wa stoo. Zablon alikuwa akisema wapima ardhi watafika wakati wa kiangazi kutoa namba za mashamba, na kwamba wakikuta mpaka wa zamani wanaufuata. Mama Risper akauliza, "Na hao wa ng'ambo watanywesha ng'ombe wapi?" Akauliza tena. Nilisikia kiti kikianguka, kisha pigo, kisha pigo lingine lenye sauti tofauti, kama mtu anayepiga gunia la mahindi. Nilikuwa nimekaa kitandani na kisu cha kukatia viazi mkononi. Sikuinuka. Nilingoja kimya kirudi, nikaendelea kupaka makaa.

Asubuhi ya pili yake ndipo alipoleta kamba. Alitaka mashina makubwa tu, yenye mikufu ya viazi vinane na zaidi. Tungeyahamisha kutoka sehemu mbalimbali za kinamasi na kuyapanda mstari mmoja, kutoka ukingoni mwa shamba lake hadi kijito cha upande wa pili, ili kinamasi chote, pamoja na mahali pa kunyweshea ng'ombe, kibaki upande wake. Mpima ardhi akifika, Zablon angeng'oa shina moja mbele yake na kumwambia ahesabu mwenyewe laini hii imepandwa lini. Hakunieleza hivyo. Hakuhitaji. Nilielewa alipokuwa akinyosha mkono wenye kamba, na nilishika kwa sababu mbili ambazo nimezitazama maisha yangu yote na bado ni ndogo. Ya kwanza, alikuwa ameniahidi kitalu changu mwenyewe, na kwa kitalu ningepeleka ng'ombe kwa mama yake Akinyi. Ya pili, hakuna mtu mwingine pale aliyejua kuhamisha shina la miaka tisa bila kuliua, nami nilitaka kuonekana naweza.

Niliweza. Nilichimba kila shina kwa mduara mpana, nikalitoa na tope lake zima, nikalibeba kwenye gunia lililolowa bila kukata mzizi, nikaligeuza lielekee jua kama lilivyokuwa limeelekea. Nilizungushia majani ya mafunjo kuwa kivuli. Hakuna hata moja lililokufa, na kufikia miezi ya jua kali yalikuwa yamesimama kama askari, majani mapana yote. Ile ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya kwa mikono yangu, na ilikuwa uongo kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho.

Dani aliiona siku ya tatu. Alitembea kando ya laini kutoka mwanzo hadi mwisho, mkuki begani. Aliponifikia alisema, "Imenyooka." Nikamjibu kwamba ni kitalu tu. Akasema, "Omera, mimi si mtu wa serikali," akaenda zake. Sikwenda kula kwao tena baada ya hapo, na hakuna aliyeniita.

Ng'ombe wao hawakujua habari za laini. Walipita kwenda kunywa, wakakanyaga mashina matatu. Zablon alimkamata mtamba mmoja, akamkata mshipa wa mguu wa nyuma kwa panga, pale juu ya kwato, akamwacha arudi nyumbani akijiburuta. Sauti ya yule mtamba niliisikia mpaka adhuhuri. Baada ya siku mbili kitalu chetu cha kivuli kilichomwa moto, nyasi, mbao na miche yote midogo niliyoipanda kwa miezi. Zablon alimkuta kijana wa ukoo wa kina Dani sokoni Magunga, akamvunja mkono kwa rungu mbele ya wauza samaki, watu wakitazama. Mbwa wetu tukamkuta amelazwa katikati ya laini, kichwa kimepondwa kwa jiwe, na lile jiwe limewekwa vizuri kando yake ili lionekane. Kila asubuhi nilitoka nikitegemea kukuta kitu. Nilianza kulala na panga chini ya kitanda cha kamba. Ningeweza kufunga bahasha yangu na kutembea hadi barabarani siku yoyote kati ya hizo. Mama Risper aliwahi kuniambia hivyo akiwa ananipakulia, mdomo haufunguki vizuri kwa sababu ya uvimbe: "Nenda kwenu, mwanangu. Hii si ya kwako." Nilimwambia mashina hayajashika vizuri, yanahitaji mtu wa kuyaangalia.

Ikafika siku ambayo kesho yake ilisemekana wapimaji watakuja. Asubuhi, umande bado haujakauka, tuliwaona wakishuka kutoka ng'ambo: wanaume watano wa ukoo wao, mama yao, Akinyi, na Dani mbele akiwa na jembe la meno. Walikuja kung'oa. Zablon alikuwa na vibarua wawili, na mimi. Alinipa panga lake mwenyewe, lile lililonolewa pande mbili, kwa mkono ule ule na kwa namna ile ile aliyonipa kamba, akasema, "Mtu asiiguse laini." Nikalichukua.

Dani hakuliangalia panga langu. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina la kwanza, akapiga jembe, akalikwanyua lote na tope lake. Alilikung'uta mpaka viazi vikaonekana, akalinyanyua juu kama mtu anayeonyesha samaki.

"Hesabu, ja-Uriri."

"Weka chini, Dani."

"Hesabu mbele ya watu! Wewe ni msomi. Moja ni mwaka huu, mbili mwaka jana. Waambie nani alikufundisha. Waambie uliyala wapi haya maneno, ulikula kwa sinia gani!"

Zablon alinigeukia, vibarua walinigeukia, na nyuma ya Dani niliona uso wa Akinyi, na uso ule haukuwa na hasira, ulikuwa unangoja. Alikuwa anangoja niseme. Dani akapiga hatua, akanisukumia lile shina kifuani, tope likanijaa shati, akasema polepole, "Sema tu, omera. Sema twende nyumbani." Hapo ndipo nilipompiga. Hakuwa amenishambulia. Jembe lake lilikuwa chini. Panga lilimwingia kati ya shingo na bega la kulia, na nilihisi mfupa kwenye kiganja changu, jinsi unavyohisi mzizi mgumu ndani ya udongo laini. Alisema "Yawa" moja tu, kwa mshangao, akaketi. Kisha akalala ubavu juu ya okidi.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Mawe, virungu, watu wakianguka kwenye maji na kuinuka. Kibarua mmoja alivunjwa taya. Mtu alimchoma Zablon paja kwa mkuki wa kamongo, ukatokea upande wa pili, akapiga kelele kama alivyopiga kelele yule mtamba. Mimi nilipigwa kwa mpini mbavuni, kichwani, mdomoni, na sikuinua mkono tena. Kati ya miguu ya watu nilimwona Akinyi amepiga magoti, amefungua leso yake kiunoni, anaisukuma ndani ya kidonda kwa viganja vyote viwili, damu inapita kati ya vile vidole vyake. Mama yake hakulia. Alikuwa ameshika kichwa cha Dani na kumwambia, kwa sauti ya kawaida, asilale. Walimpakia kwenye pikapu ya muuza samaki kumpeleka Homa Bay. Hakufika.

Mpima ardhi hakuja kesho yake. Alikuja wiki iliyofuata na polisi wawili. Mimi nilikuwa mahabusu, lakini Mama Risper alikuja kuniona, akanisimulia. Yule mtu alikuwa na picha iliyopigwa kutoka juu, na kwenye picha hiyo kinamasi kilionekana kizima, hakina mstari wowote. Zablon, amebebwa kwa kiti, alimwomba aangalie viazi. Mpimaji akasema hana habari na maua. Akakiandika kinamasi kuwa cha wote, kama kilivyokuwa, akavuka laini yangu kwa buti zake, akaenda kula chakula cha mchana. Mahakamani Zablon aliapa kwamba hakuwahi kuniambia nimguse mtu. Ilikuwa kweli; maneno yake yalikuwa tofauti. Nilikiri. Hakimu aliona umri wangu na mbavu zangu, akasema sikukusudia, akanifunga miaka tisa. Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya neno hilo, sikukusudia. Lakini ile asubuhi kila mtu alikuwa anangoja sentensi moja kutoka kinywani mwangu, nami nilijua ni ipi, na nikachagua panga kwa sababu lilikuwa rahisi zaidi.

Pale kwenye benchi, Akinyi aliniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia macho. Akasema yeye amemleta mjukuu, kifua. Aliniuliza kama bado napanda. Nilimwambia ninayo okidi moja tu, kwenye karai lililotoboka, niliyoinunua kando ya barabara, na kwamba kila mwaka inatoa kiazi chake. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Laini yako bado ipo. Imezaana, imekuwa kichaka. Ng'ombe wamejifunza kuizunguka." Akamvuta mjukuu karibu. "Bado imenyooka."

Saa nne hivi alifungua kikapu, akatoa chupa ya chai na mandazi yaliyofungwa kwa kitambaa. Alimmiminia mjukuu, akammiminia mwanamke aliyekaa kando yake asiyemjua, na mzee mwenye mkongojo, na kijana aliyekuwa akisinzia. Kikombe kilipita benchi nzima. Kilipofika kwangu alikichukua, akakifuta, akakirudisha kikapuni. Hakufanya kwa dharau. Kati ya nyumba yao na mimi kuna damu, na watu wenye damu kati yao hawali pamoja. Hata ningekuwa nakufa kwa kiu asingenipa.

"Sina hasira, ja-Uriri," alisema. "Hasira ilichoka zamani. Lakini chai siwezi kukupa. Unajua."

"Najua, Akinyi."

"Ule mkeka nilimfunikia Dani."

Muuguzi akaita jina la mjukuu, Akinyi akainuka, akaenda naye.

Ninayaandika haya kwa jicho moja zuri, na sitaki mtu ayasome akafikiri ni habari ya maua, au ya mzee mmoja mkorofi na tamaa yake ya ardhi. Zablon alinipa kamba, mimi ndiye niliyeivuta. Kwa kuishika kamba ile nilimuua Dani, rafiki yangu, kwa mkono huu ninaoandikia. Nilipoteza miaka tisa gerezani, na huo ndio uliokuwa upande mdogo. Nilimpoteza Akinyi, sikuoa mwingine, na hakuna mtoto anayeniita baba. Na tangu asubuhi ile sijala tena sinia moja na mtu yeyote.